Fidia ya Mkono wa Ambrose

Mpaka anatimiza miaka thelathini na mitano, Ambrose wa Marungu alikuwa bado anaitwa Ambrose. Mgeni anaweza kushangaa, kwani alitaka aitwe nani? Lakini wenzake wa rika moja pale kijijini walikuwa wameshaachana na majina yao zamani. Huyu alikuwa Baba Donald, yule Baba Beth, na hata Kituku, mvivu kuliko wavivu wote wa Marungu, alikuwa baba wa mtu. Ambrose peke yake ndiye aliyebaki na jina la ubatizo, kama kijana wa kutumwa dukani. Wakimwita aliitika huku anacheka, lakini moyoni alikuwa anaumia.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mtoto alikuwa naye.

Mambo yalianza mwaka wa sitini na moja, wakati Ambrose akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, kibarua katika shamba la mkonge la Kirumbi. Siku za mshahara, wasichana walikuwa wanateremka kutoka milimani juu ya Mwatate na vikapu vya ndizi na mboga, kuwauzia vibarua ambao kwa siku mbili tatu walijiona matajiri. Mmoja wao aliitwa Peris, binti wa mzee Timotheo. Ambrose alinunua ndizi za Peris mwezi wa kwanza, akanunua mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa sita Peris alikuwa na mimba.

Mzee Timotheo hakupiga kelele. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa utaratibu, akatuma ujumbe kwa utaratibu: kijana alete ng'ombe na mbuzi wa kumkubali mtoto, ndipo mtoto awe wake na aitwe wake. Asipoleta, mtoto ni wa mlimani, na yeye asionekane huko. Ambrose alipiga hesabu ya mshahara wake, akapiga hesabu ya ng'ombe, akaona hizo ni hesabu za watu wawili tofauti. Akaingia mitini. Mtoto alizaliwa alfajiri, msichana, wakamwita Wakesho.

Siku zile kulikuwa na sheria iliyomruhusu msichana aliyezalishwa bila ndoa kumpeleka mwanamume kortini adai matumizi ya mtoto. Noah, kaka yake Peris, aliyekuwa fundi wa reli pale Voi, ndiye aliyemshika dada yake mkono mwaka wa sitini na mbili akampeleka. Ambrose hakukana. Hakimu akaamuru alipe shilingi thelathini kila mwezi hadi mtoto akue, na Ambrose akatia kidole gumba cha kulia kwenye karatasi, kwa kuwa kuandika hakukujua.

Alilipa miezi minne. Mwezi wa tano alilipa nusu. Mwezi wa sita akahamia shamba jingine la mkonge upande wa Taveta, akakaa huko mpaka alipodhani wamemsahau, kisha akarudi Kirumbi kimyakimya. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi katika habari zake. Mtu mbaya unajua pa kumweka. Ambrose alikuwa mtu wa kesho. Kila mwisho wa mwezi alisema mwezi ujao ataanza upya, na kila mwezi ujao ulikuwa na shida zake, zingine za kweli na zingine za chupa. Deni likapanda mpaka likawa kubwa kiasi cha kutisha, na deni likishatisha, mtu wa namna yake haligusi kabisa.

Mwaka wa sitini na tisa ile sheria ikafutwa. Habari ilipofika Kirumbi, vibarua walinunuliana pombe kama watu walioshinda kura. Ambrose alikunywa nao. Siku ya pili aliamka na kichwa kizito, akafikiria kwamba sasa hakuna mtu wala serikali inayomtaka awe baba wa Wakesho, na badala ya kufurahi akajisikia mnyonge. Akaenda kazini hivyohivyo.

Kazi yake wakati huo ilikuwa kwenye korona. Hiyo ni mashine kubwa ya kuchuna majani ya mkonge yabaki singa, yaani nyuzi tupu, na kazi ya Ambrose ilikuwa kuyapanga majani kwenye mkanda yaingie yamelala sawa. Aliifanya miaka sita. Asubuhi moja ya Machi, mwaka wa sabini na tano, jani lilikaa upande, akalifuata kwa mkono wa kulia kama alivyokuwa amefanya mara elfu nyingine, na mkono haukurudi. Kitheka, Mkamba aliyekuwa akifanya naye kazi, ndiye aliyesimamisha mashine na kumfunga kwa shati lake mwenyewe. Hospitalini walimkata chini kidogo ya kiwiko.

Alipotoka alirudi Marungu kwa mama yake, mama Mable, mjane aliyekuwa na mbuzi watatu na maneno mengi. Kwa miezi saba hakuwa na mshahara. Alijifunza kula kwa mkono wa kushoto huku amewapa watu mgongo, kwa aibu. Kila alipokwenda Voi, katika ofisi ya leba inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi, karani aliyeitwa Danson alimwambia faili yake iko njiani. Daktari alikuwa ameandika kiasi cha nguvu alichopoteza, shamba lilikuwa limeleta hesabu ya mshahara wake, na kutoka hapo ingetoka fidia. Shilingi elfu nne na mia moja. Ambrose hakuwa amewahi kushika hata elfu moja.

Habari ya pesa haifichiki. Ikapanda mlima mpaka kwa Peris.

Septemba, Ambrose alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya leba, mkono mtupu wa shati umebanwa kwa pini, alipomwona mwanamke anaingia na mkoba wa kitambaa. Ilimchukua muda kumtambua. Peris alikuwa amekonda, amevaa viatu vya raba, na alitembea kama mtu aliyeondoka nyumbani kabla ya chai. Hakumtazama Ambrose. Alikwenda moja kwa moja mezani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa matundu, akaikunjua mbele ya Danson.

"Nasikia Ambrose atalipwa hapa," alisema. "Hii ni hukumu ya korti. Alitakiwa anilipe shilingi thelathini kila mwezi za mtoto. Alilipa minne na nusu. Nataka mnikatie yangu kabla hamjampa yake."

Danson aliisoma karatasi yote, hata muhuri. Hakuwa na dharau, na hilo watu walimsifia.

"Mama, nitakueleza vizuri," alisema. "Hii sheria yako ilifutwa sitini na tisa. Hata ukienda kortini sasa hivi, hakuna wa kukusikiliza."

"Najua ilifutwa. Lakini mtoto hakufutwa."

"Ni kweli. Lakini kuna la pili. Hata kama deni lako lingekuwa na nguvu, pesa ya fidia haikamatwi. Serikali imekataza. Mwenye duka hawezi, benki haiwezi, korti yenyewe haiwezi. Hii ni pesa ya mkono wake. Imewekwa ili mtu aliyelemaa asije akanyang'anywa na wanaomdai."

Peris aliinyoosha karatasi yake mezani kwa kiganja. Ambrose pale benchini alijisikia vizuri kwa muda mfupi, ule uzuri wa mtu aliyefungiwa mlango na simba yuko nje, halafu akajionea haya.

"Angekufa, mama, hapo ingekuwa mambo mengine," Danson aliendelea, kwa kuwa alipenda kueleza kazi yake mpaka mwisho. "Mfanyakazi akifa, tunaangalia watu waliomtegemea. Mtoto wako tungemwandika."

"Kwa hivyo shida yangu ni kwamba yuko hai."

Danson akapepesa macho, akajifanya anatafuta kalamu. Peris aliikunja karatasi yake taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, akairudisha mkobani. Wakati wa kutoka ndipo aliposimama mbele ya Ambrose. Alimtazama usoni, kisha akatazama ile pini.

"Pole kwa mkono," alisema.

"Asante, Peris."

"Wakesho anafanya mtihani wa darasa la saba Novemba. Mwalimu anasema huyu atapita, na atapita vizuri. Noah ameahidi nusu ya karo. Nilikuwa nataka hiyo nusu nyingine tu, Ambrose. Shilingi mia nne na hamsini. Sikuja kukumaliza."

Ambrose alifungua mdomo. Angeweza kusema nitakupa. Lilikuwa neno moja tu, na pale hapakuwa na mtu wa kumzuia. Lakini pesa yenyewe hakuwa amepewa bado, na alikuwa ameahidi mengi sana maishani mwake, akaogopa kuongeza jingine. Akasema, "Nimesikia." Peris akatoka.

Njia nzima ya kurudi Marungu, Ambrose alikuwa ameshaamua. Atampa mia nne na hamsini. Atampa hata mia tano. Alipofika nyumbani alimweleza mama yake, naye mama Mable akaacha kupepeta mahindi.

"Umpe nani?"

"Peris. Ya karo."

"Umpe mkononi?"

"Sasa nimpe wapi, mama?"

Mama Mable aliweka ungo chini. "Wewe miaka yote hii bado hujaelewa kwa nini hukuitwa baba. Pesa ya kumpa mwanamke mkononi inaliwa inaisha, na kesho mtoto akiulizwa wewe ni wa nani, atasema ni wa mlimani. Mtoto anakubaliwa kwa ng'ombe, mbele ya wazee. Mungu amechukua mkono wako, lakini amekupa njia ya kumpata mtoto wako. Na mimi nataka kumwona mjukuu wangu akiingia kwa mlango huu kabla sijafa."

"Na karo, mama?"

"Karo! Ukishatoa ng'ombe mmekuwa ndugu. Ndugu watahesabiana karo? Noah atatoa yote, na mzee ataongeza, kwa kuwa mioyo yao itakuwa imetulia. Wewe fanya jambo kama jambo linavyofanywa, hayo mengine yatafuata."

Mama Mable hakuwa anadanganya. Aliamini kila neno. Tatizo ni kwamba alikuwa anakumbuka ng'ombe wa zamani, wa siku ambazo mtoto hakuhitaji sanduku la bati, godoro na karo ya mwaka. Naye Ambrose aliamini kwa kuwa alitaka kuamini. Alijiona amesimama kwenye uwanja wa mzee Timotheo, hamkimbii mtu tena, na msichana wa miaka kumi na minne anamwita kwa jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita. Mbele ya picha hiyo, mia nne na hamsini ilionekana kama kitu kidogo sana, cha kumwaibisha mwanamume.

Fidia ilitoka mwisho wa Oktoba. Danson alimhesabia noti mara mbili, akamwonyesha pa kuweka kidole gumba cha kushoto. Ambrose alilipa deni la dukani la miezi saba. Kisha akaenda mnadani na Kitheka, aliyeomba ruhusa ya siku tatu kazini, wakachagua ng'ombe wanne na mbuzi wanane. Wazee wa Marungu waliotumwa mlimani walikuwa wamerudi na orodha, na orodha ilikuwa imekua kwa miaka ile kumi na minne: koti la mzee, mablanketi mawili, kitenge cha bibi, gunia la sukari kwa ajili ya wageni, na ng'ombe wa nne, wa faini ya kukimbia. Ambrose hakubisha hata kimoja. Alikuwa anatoa pesa kwa mkono wa kushoto na uso umenawiri.

"Umebakisha ngapi?" Kitheka alimuuliza njiani, wakiswaga mifugo kuelekea Mwatate.

"Mia mbili na kitu."

"Mkono mzima, ndugu yangu, na umebakisha mia mbili?"

"Nimebakisha mtoto," Ambrose alijibu, na siku hiyo lilionekana jibu zuri.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba walipokelewa kwa heshima zote. Mzee Timotheo aliwakagua ng'ombe mmoja mmoja, akawapapasa migongo, akavaa koti jipya papo hapo ingawa jua lilikuwa kali. Wazee wakaketi, wakasema yaliyosemwa na babu zao, wakaomba kwa Kikristo juu yake. Mwishowe mzee akaagiza mtoto aletwe.

Wakesho alitoka jikoni akipangusa mikono. Alikuwa mrefu, na paji lake la uso lilikuwa la mama Mable kabisa. Alinyoosha mkono wa kulia, akaona hakuna mkono wa kuupokea, akasita, akanyoosha wa kushoto. Kwa watu wa kule kumpa mkubwa mkono wa kushoto ni kumtukana, naye akainama sana ili ionekane si matusi.

"Shikamoo, baba."

Ambrose alisahau kuitikia. Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya wazee wote, na hakuna aliyemcheka. Siku hiyo aliondoka mlimani akiwa Baba Wakesho, na kila aliyemuaga alihakikisha amelitamka jina hilo.

Peris alikuwa kwenye moshi wa jikoni tangu asubuhi. Hakuna aliyemuuliza lolote, kwa kuwa mambo ya ng'ombe si ya wanawake, hata kama mimba ilikuwa yake. Ambrose alipokuwa anatoka langoni, Peris alimfuata na ndoo mkononi kana kwamba anakwenda mtoni.

"Na ile nusu?" aliuliza.

"Hiyo haina shida sasa, Mama Wakesho. Tumeshakuwa watu wamoja."

Peris akabadilisha ndoo mkono na kwenda zake.

Matokeo yalitoka, na mwalimu alikuwa amesema kweli. Wakesho alipata barua ya kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana. Katika shule yao yote walioitwa kwenda bweni walikuwa wawili. Barua ilitaka karo ya mwaka, sanduku, godoro, blanketi na sare, kabla ya tarehe ishirini na sita Januari. Peris aliichukua akateremka Voi kwa kaka yake.

Noah alimkaribisha chai. Aliisoma barua, akampongeza mpwa wake kwa moyo mweupe, kisha akairudisha juu ya meza.

"Mpelekee baba yake," alisema.

"Uliahidi nusu, kaka."

"Niliahidi wakati mtoto hana baba. Nilikuwa namsaidia dada yangu aliyeachwa. Sasa baba amejitokeza, ametoa ng'ombe wanne mbele ya wazee, amepewa mtoto wake. Nikimlipia karo nitakuwa nimemwambia yule mwanamume kwamba hawezi kulea. Wewe unaona hiyo ni heshima? Mimi nina wangu watano, Peris."

Na ng'ombe? Mbuzi walikuwa wameshagawanywa kwa wazee, na ng'ombe hawakuwa wamelala wote boma moja hata wiki mbili. Mmoja alikwenda kwa mjomba wa Peris, kama ilivyo desturi. Noah mwenyewe alichukua wawili kumalizia mahari ya mke wake, iliyokuwa inamwaibisha ukweni tangu mwaka wa sabini. Akabaki mmoja, na Peris alipopanda mlima kumwomba baba yake wamuuze, mzee Timotheo alitikisa kichwa, amevaa lile koti.

"Ng'ombe wa kumkubali mtoto hauzwi kumsomesha mtoto huyohuyo," alisema. "Itakuwa baba yake hakutoa kitu. Tutakuwa tumemrudishia ng'ombe wake kwa mlango wa nyuma. Kusomesha ni kazi ya baba, na baba yuko."

Kila mmoja wao alikuwa na haki. Ukimsikiliza mmoja mmoja huoni alipokosea. Lakini ukiwaweka pamoja, mtoto amekosa shule.

Tarehe kumi na tisa Januari, Wakesho alifika Marungu mchana, peke yake, na mfuko wa nguo. Mama Mable alipiga vigelegele mpaka jirani wakatoka. Msichana alimsalimia bibi yake, akaketi ukingoni mwa kiti, akatoa bahasha.

"Baba, mama amesema nikuletee wewe. Amesema hii sasa ni yako."

Ambrose hakujua kusoma, lakini alijua ile ni nini. Aliishika kwa mkono wake mmoja, akaigeuza mbele na nyuma. Akaingia chumbani akahesabu kilichobaki. Zilikuwa shilingi mia moja na themanini.

Siku sita zile alitembea kuliko alivyotembea miaka yote ya ujana wake. Alikwenda Kirumbi, akaomba kazi yoyote, hata ya kufagia. Nyapara alimwambia kwa upole kwamba wa kufagia wako tele, na wana mikono miwili. Kitheka alimpa shilingi arobaini, na Ambrose alijua zimetoka kwenye chakula. Alikwenda kanisani, akaambiwa msaada wa karo ni wa yatima. Alifikiria kupanda mlima amwombe mzee Timotheo ng'ombe yule mmoja, afunge macho tu aombe. Akafika Mwatate, akasimama chini ya njia ya kupanda, akashindwa. Kudai ng'ombe wako ni kumkana mtoto mbele ya dunia nzima, na alikuwa ameshamkana mara moja kwa kukimbia.

Tarehe ishirini na tano asubuhi aliingia ofisi ya leba. Danson alimkumbuka.

"Baba Wakesho," alimwita, kwa kuwa habari zilikuwa zimefika hata kwake. "Karibu. Kuna shida?"

"Nimekuja kuuliza kama kuna iliyobaki. Kwa faili yangu."

"Hakuna. Ulilipwa yote. Fidia ya mkono inalipwa mara moja, ikiisha imeisha."

Ambrose alikaa. Nje watu walikuwa wanashusha magunia, wanaitana kwa sauti kubwa. Alipozungumza tena alizungumza polepole, kama mtu anayeuliza bei.

"Na huu mwingine?"

"Mwingine upi?"

Ambrose akauinua mkono wa kushoto, akauweka juu ya meza, kiganja juu. "Huu. Kama nao ungekatika. Ni ngapi?"

Danson aliutazama ule mkono, ukiwa na sugu zake za miaka kumi na mitano ya mkonge. Alitaka kukasirika akashindwa. Akasogeza kiti karibu.

"Sikiliza, mzee. Usiseme hivyo tena, hata kwa utani. Na hata kama ungekatika, hakuna kitu. Wewe sasa huna mwajiri. Fidia ni ya mtu aliye kazini. Mkono wa mtu asiye na kazi haulipwi."

"Hata mia tisa?"

"Hata senti."

Ambrose akaurudisha mkono wake mapajani. Akashukuru, kwa kuwa alikuwa na adabu, akaondoka.

Tarehe ishirini na sita ikapita. Shule ilijaza nafasi ile kwa msichana mwingine, na hakuna aliyefanya kosa, maana wengi walikuwa wanasubiri. Wakesho hakurudi mlimani. Desturi ilikuwa imeshasema yeye ni wa Marungu, na Marungu kulikuwa na bibi mzee na mwanamume mwenye mkono mmoja, na maji yako mbali. Alianza kuamka mapema, akachota maji, akachunga mbuzi, akafua. Hakununa. Angenuna ingekuwa nafuu. Barua ya shule aliikunja akaiweka katikati ya Biblia ya bibi yake, na hakuitaja tena.

Jumapili moja ya Februari walikuwa wanajiandaa kwenda kanisani. Ambrose alikuwa amevaa shati lake jeupe, anahangaika mlangoni na kifungo cha mkono wa kushoto. Vifungo vya kifuani alikuwa ameshavizoea, lakini hicho, mtu aliyebaki na mkono wa kushoto peke yake hakifikii hata afanyeje. Alijaribu kwa meno. Wakesho alimwona kutoka uani, akakausha mikono kwa kanga, akaja.

"Lete, baba," alisema. "Mbona hukuniita?"

Akamfunga kifungo, akamnyoosha kola, akapiga hatua nyuma kumtazama kama amekaa sawa. Ambrose alisimama amenyoosha mkono. Alikuwa amelisubiri neno lile miaka kumi na minne, na sasa alikuwa analisikia mara ishirini kwa siku, na kila alipolisikia alitamani, kwa roho yake yote, mtoto yule amwite Ambrose.